Kazi Mbili, Kalenda Moja



Katika mkutano uliopita wa halmashauri ya wanafunzi, sisi wa mwaka wa mwisho tulileta ombi. Tuliomba finalisti wote waachiliwe kazi zote zisizo za darasani mpaka mtihani wa Serikali utakapokwisha: hapana kwaya, hapana mpira, hapana shamba la masomo, hapana kufagia. Vitabu tu. Tulileta na mezali ya wazee: mshika mbili moja humponyoka. Wenzetu walipiga makofi, na sisi kapita wenu tulikuwa wa kwanza kutia mkono kwenye ile barua.

Leo tunaandika kusema kwamba tumegeuza mawazo. Si kwa sababu mtu alitutisha. Ni juu ya mambo mawili tuliyoyaona: moja ni maisha ya kijana mmoja wa Ubelgiji anayeendesha baiskeli, ile tunayoita kinga; la pili ni daftari la wachelewaji ambalo sisi wenyewe tunalishika kila asubuhi pale mlangoni. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana mambo haya mawili yanafuatana.

Tuanze na yule kijana. Tarehe 27 Julai 2025, wakati wa likizo kubwa, tulikuwa kwa jirani mwenye televizio. Walionyesha siku ya mwisho ya mbio kubwa ya Ufaransa, Tour de France, ndani ya mji wa Paris. Mvua ilinyesha, mawe ya barabara yaliteleza, na mwaka ule waliwapandisha waendeshaji kwenye kilima cha Montmartre. Mwenye koti la njano, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikuwa mbele, na watu wengi waliamini kwamba hakuna wa kumshinda. Kumbe kwenye kilima kile kile mtu mmoja alisimama juu ya pedali, akamwacha, akateremka katika yale maji bila kuanguka, akafika peke yake. Jina lake Wout van Aert. Jirani yetu aliuliza: «Huyu alijifunza wapi kuendesha namna hii mu matope?» Jibu ndilo linalotufanya tuandike: alijifunza mu matope kweli.

Van Aert alizaliwa tarehe 15 Septemba 1994 katika mji wa Herentals, upande wa Flandria. Kule Ubelgiji, wakati wa baridi, kuna mbio inayoitwa siklo-krosi. Hawapiti kwenye barabara kubwa. Wanafunga kamba katika mashamba, misitu na michanga, wanatengeneza njia ya duara ya kilometre tatu hivi, na waendeshaji wanaizunguka karibu saa moja nzima. Mahali pengine wanaweka mbao za kuruka, hazipiti sentimetre 40. Mahali pengine wanaweka ngazi, ao kilima chenye matope mengi kiasi kwamba mtu anashuka, anabeba kinga begani na kukimbia kwa miguu. Pine zao hazipaswi kupita upana wa milimetre 33. Kama kinga imejaa matope, mtu anaingia mahali pa mafundi, anaacha hiyo, anapokea nyingine safi. Mafundi wanaiosha ile ya kwanza kwa maji ya nguvu na kumngoja arudi.

Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Mwaka 2012, pale Koksijde, akiwa na miaka 17, umri ambao wengi wetu tuko nao ama tumeupita juzi, alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana. Aliyemshinda ni Mathieu van der Poel wa Uholanzi, mwenye miaka 17 vilevile. Mwaka 2014 Van Aert akawa bingwa wa dunia wa wale walio chini ya miaka 23. Mwaka 2015 Van der Poel akamshinda tena, safari hii kati ya wakubwa. Ndipo Van Aert akashinda mara tatu kwa kufuatana: Zolder mwaka 2016, Bieles kule Luksemburgi mwaka 2017, na Valkenburg kule Uholanzi mwaka 2018. Tangu hapo Van der Poel akawa mbele zaidi, mpaka kufikia mataji saba mwaka 2025, sawasawa na Erik De Vlaeminck wa zamani. Katika mashindano manne kati ya yale, 2019, 2021, 2023 na 2025, wa pili alikuwa Van Aert. Fikirini hilo, ninyi mnaolia kwa kuwa wa pili darasani.

Sasa watu walimwambia maneno yale yale tuliyoyaandika katika barua yetu. Walisema: kijana, wewe ni mtu wa matope, kaa katika matope. Barabara ina watu wake. Siku ya siklo-krosi ni saa moja. Siku ya barabara ni saa tano, saa sita. Huwezi kushika zote mbili.

Lakini alijaribu. Mwaka 2018 alikwenda Italia katika mbio ya Strade Bianche, ambayo inapita kwenye njia za udongo mweupe. Siku ile ilinyesha, udongo ukawa uji. Van Aert alifika wa tatu, lakini kwenye kilima cha mwisho cha mji wa Siena miguu ilikakamaa, akaanguka pembeni, akainuka, akaisukuma kinga yake, akapanda tena. Tunayataja haya sababu miaka miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 2020, alirudi kwenye mbio ile ile na akaishinda. Juma moja baadaye akashinda Milano–San Remo, mbio yenye kilometre karibu 300. Mwaka 2021, katika Tour de France moja, alishinda siku ya mlima wa Ventoux, ambao waliupanda mara mbili siku ile moja; akashinda siku ya kukimbia peke yake na saa; halafu akashinda siku ya mwisho pale Paris, ambapo kwa kawaida wanashinda wale wenye mbio ya ghafula. Mlima, saa na mbio ya ghafula: hizo ni kazi tatu za watu watatu. Yeye alizifanya katika juma mbili.

Basi wale waliosema kazi mbili zinaharibiana, walikosea wapi? Sisi tunaona hivi. Walihesabu masaa tu, hawakuangalia mzizi. Siklo-krosi na barabara zina mzizi mmoja. Yule aliyezoea kukimbia saa moja bila kupumzika, moyo wake unajua kupanda na kushuka haraka. Yule aliyezoea kugeuka katika matope, barabara yenye maji haimtishi. Zamani pia ilikuwa hivyo. Mashindano ya kwanza ya dunia ya siklo-krosi yalifanyika Paris mwaka 1950, na aliyeshinda ni Jean Robic, mtu aliyekwisha kushinda Tour de France mwaka 1947. Roger De Vlaeminck, ndugu wa yule Erik, alikuwa bingwa wa dunia wa siklo-krosi mwaka 1975, na mwaka huo huo akashinda Paris–Roubaix, mbio ya mawe, ambayo aliishinda mara nne kwa jumla. Kwa hiyo si jambo la uchawi. Kazi moja ilikuwa inailisha nyingine.

Tena kuna kulisha kwingine, kule kwa mfuko. Waandaaji wa siklo-krosi wanawalipa waendeshaji wenye jina ili wafike tu na kuanza mbio. Maana yake, kwa kijana ambaye bado hajajulikana barabarani, matope ni mshahara. Ukimwambia aache kazi ya baridi ili afanye vizuri ile ya kiangazi, unamwambia aache mkate unaomfikisha kiangazi. Mkumbuke neno hili, tutalirudia.

Lakini tusidanganyane. Kama tungeishia hapa, tungekuwa tumeandika hadisi ya watoto: jitahidi, fanya yote, utashinda. Hiyo si kweli, na maisha ya Van Aert yenyewe yanaikataa.

Kwanza, kazi hii inaumiza. Tarehe 8 Aprili 2018, katika Paris–Roubaix, mwenzake wa ekipe moja, Michael Goolaerts, moyo wake ulisimama njiani, akafa siku ile ile. Alikuwa na miaka 23. Tarehe 19 Julai 2019, katika Tour de France yake ya kwanza, siku chache tu baada ya kushinda pale Albi, Van Aert aligonga chuma cha pembeni katika kona ya mji wa Pau, paja lake likapasuka vibaya. Walimpasua, akajifunza tena kupiga pedali, akarudi kwenye siklo-krosi mwezi wa Desemba mwaka ule. Tarehe 27 Machi 2024 alianguka tena kule Flandria, akavunjika mfupa wa bega, mbavu na mfupa wa kifua. Septemba ya mwaka ule, kule Hispania, akiwa ameshinda siku tatu za Vuelta, akaanguka, goti likaumia, akaenda nyumbani.

Pili, na hili ndilo jambo kubwa: hafanyi yote. Yeye na watu wa ekipe yake wanakaa na kalenda mezani, na wanafuta. Kadiri miaka ilivyopita, mbio zake za matope zimepunguzwa. Mwaka 2022 mashindano ya dunia ya siklo-krosi yalifanyika Fayetteville kule Marekani, na mwaka 2024 yalikuwa Tábor kule Ucheki. Hakwenda hata moja, ili kuweka nguvu kwa ajili ya mbio za barabara za Machi na Aprili. Fikirini vizuri: koti la bingwa wa dunia liko pale, mtu anaweza kulipata, na anasema hapana. Tena mwaka 2024, kisha kusema hapana ile, ndipo akaanguka siku nne tu kabla ya mbio kubwa ya Flandria aliyokuwa ameitayarisha. Kwa hiyo kalenda nzuri haimhakikishii mtu ushindi. Inamhakikishia jambo moja tu: kwamba kama akianguka, si kwa sababu watu wake walimbebesha mizigo miwili siku moja bila kuhesabu.

Hapo sisi tulifunga kitabu na kufikiri juu ya barua yetu. Tuliona kwamba swali letu lilikuwa bovu. Hatukupaswa kuuliza «kazi moja ao mbili?» Tulipaswa kuuliza «nani anahesabu?»

Sasa tuje kwenye daftari.

Mnajua kanuni. Maombi ya asubuhi ni saa moja na nusu. Anayefika nyuma, kapita anaandika jina lake. Majina kumi na mawili katika semestri moja, mwanafunzi anarudishwa nyumbani mpaka mzazi aje kwa direkta wa nidhamu. Kanuni ni nzuri. Bila kanuni masomo yetu yangekuwa soko. Sisi tumeifuata bila kuangalia uso wa mtu. Tulikuwa tunajisifu kwa hiyo.

Kuna mwenzetu mmoja wa mwaka wa mwisho. Jina lake hatutaliandika hapa, yeye hakutuma kuombewa. Analala kwao, si hapa interna. Jina lake limo katika daftari mara kumi na moja. Sisi kwa mkono wetu tuliliandika mara kumi na moja, na ile ya tisa tuliongeza maneno ya ukali: «Wewe ni mvivu, na ni finalisti, unaharibu wadogo.» Alijibu tu: «Njo vile, kapita.» Akaenda kukaa nyuma.

Siku moja ya posho tulitumwa mjini mapema pamoja na mlinzi wa usiku. Bado giza. Kwenye mteremko mkubwa tulikutana na watu wa makala wanaoshuka na kinga zao kutoka vijijini. Mnawajua: magunia mawili ama matatu juu ya kinga moja, mtu haonekani, unaona mlima unaotembea. Mmoja alikuwa anaishikilia kinga yake kwa mwili mzima, mguu mmoja umekanyaga pine ya nyuma kama freni, kiatu kinatoa moshi. Alipofika chini akainua kichwa kupumua. Ni yeye.

Hakuona haya. Sisi ndio tuliona haya. Alituambia mambo yake kwa maneno machache, huku akikaza kamba. Anatoka saa nane ya usiku. Anafika sokoni saa kumi na mbili, anauza kwa mama mmoja anayemngoja, anaacha kinga, anaoga, anakimbia masomo. Kama pine haikupasuka anafika wakati wa maombi. Kama imepasuka, anafika mikononi mwetu. Anafanya hivyo mara tatu kwa juma. Ile feza inalipa minervali yake na ya dada yake wa mwaka wa pili. Baba hayupo. Tulimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu: «Muliniuliza?»

Ni kweli. Katika daftari letu kuna nafasi ya jina, ya darasa na ya saa. Nafasi ya sababu haipo.

Sasa rudini kwenye ombi letu la halmashauri. Tulitaka finalisti waache kila kazi nyingine, wabaki na vitabu. Kwa nani ombi hili ni zuri? Kwa sisi tunaolala interna, ambao bukari inatungoja mezani. Kwake yeye ni neno tupu. Akiacha kazi ya pili, ya kwanza inakufa juma lile lile, maana ni makala yanayolipa kiti chake. Ni kama wale waliomwambia kijana wa Herentals aache matope. Tofauti ni hii: yeye alikuwa na kinga ya akiba, fundi wa kuosha, daktari, na watu waliokaa mezani kuhesabu nguvu zake. Mwenzetu ana kinga moja, freni ya kiatu, na mtu mmoja tu anayehesabu kitu chake: sisi. Na sisi tulikuwa tunahesabu makosa.

Tunajua kuna watakaosema: «Vizuri, basi yale makala ni mazoezi, yatamfanya mwanaume wa kweli.» Tunawaomba wasiseme hivyo. Matope ya siklo-krosi yana mshahara na mwisho wake ni saa moja. Mtoto anayesukuma magunia usiku hafanyi mchezo. Anafanya kazi ya baba yake aliyeondoka. Tusisifu mzigo ili tusiupunguze. Mtu anaweza kuwa na nguvu sana na bado akaanguka kwa sababu mzigo ulipita kipimo.

Wengine watasema, na mwalimu mmoja alikwisha kutuambia kwa upole: «Kapita, ukimsamehe mmoja, kesho wote watakuwa na makala.» Neno hili lina uzito na tulilifikiri siku nyingi. Jibu letu ni hili. Hatuombi msamaha. Msamaha ni kufumba macho, na kufumba macho kutaleta udanganyifu, mwalimu ana haki. Tunaomba kinyume chake: kufungua macho. Anayesema ana makala, aende kuonwa kwenye mteremko saa kumi ya usiku. Wavivu hawatakuwa wengi pale, tunawahakikishia.

Tena wengine, wale wa kwaya na wa mpira, watatuuliza: «Na sisi je? Barua ile ilituondolea mazoezi, sasa mnaturudishia?» Ndiyo, tunawarudishia, lakini kwa kipimo. Tuliangalia buleteni za finalisti wa mwaka jana ambao walitukubalia. Waliokuwa katika kwaya hawakuwa wa mwisho. Walioanguka zaidi ni wale waliokuwa katika kila kitu: kwaya, mpira, klabu ya michezo ya kuigiza, na bado kapita wa chumba. Hakuna aliyekaa nao mezani na kalenda na kuwaambia: ndugu, futa moja.

Kwa hiyo sisi tunaondoa mkono wetu kwenye ombi lile la kwanza, na mahali pake tunaweka mambo matatu mbele ya halmashauri, ya direkta wa nidhamu na ya bwana prefe.

La kwanza. Kila finalisti abaki na kazi moja tu nje ya darasa katika semestri ya kwanza, aichague mwenyewe: kwaya ao mpira ao shamba. Katika semestri ya pili, juma nane za mwisho kabla ya mtihani, aiache. Si kuacha yote sasa, si kushika yote mpaka mwisho. Kila kazi ipate majira yake, kama vile matope yana majira na barabara ina majira.

La pili. Mwanzoni mwa kila periodi, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike katika karatasi moja kazi zake zote, hata zile za nyumbani: kuchota maji mbali, kulea wadogo, kuuza sokoni, kusukuma kinga. Titulere wa darasa aisome peke yake na kuifunga kabatini. Isitangazwe mbele ya watu. Mtu asione haya kwa sababu ya kazi inayomlisha.

La tatu. Katika daftari la wachelewaji iwekwe nafasi ya sababu. Na kabla ya kuandika jina la mtu mara ya nne, kapita aende kuona yeye mwenyewe ama atume mtu aone. Kwa wale ambao imehakikishwa kwamba wanafanya kazi alfajiri, ile saa waliyoikosa wailipe jioni katika etude, pamoja na sisi wa interna. Saa ilipwe, isifutwe. Lakini isigeuke kuwa sababu ya kufukuzwa.

Haya matatu hayatoi franka moja katika mfuko wa masomo. Yanataka karatasi, kalamu, na miguu ya kapita.

Ndugu wasomaji, kabla ya kumaliza tunarudi kidogo kwa Van Aert, maana tumebakiza jambo ambalo linatugusa sisi wenye kazi ya ukapita. Mwaka 2022 katika Tour de France alivaa koti la kijani, la mwenye pointi nyingi kuliko wote. Angeweza kukaa kimya na kulilinda. Lakini siku ya mlima wa Hautacam alitangulia mbele kutwa nzima, na mwishoni, mkuu wa ekipe yake Jonas Vingegaard alipomfikia, akatumia nguvu zote zilizobaki kumvuta mpaka Pogačar akashindwa kufuata. Vingegaard alishinda siku ile na alishinda Tour. Mwaka 2023 kule Gent–Wevelgem, Van Aert alifika mwisho pamoja na mwenzake Christophe Laporte, wawili tu, akamwachia ashinde. Mwezi wa Julai mwaka ule aliondoka kwenye Tour kabla haijaisha, akarudi nyumbani sababu mke wake alikuwa karibu kuzaa. Na tarehe 31 Mei 2025, katika Giro ya Italia, alimngoja Simon Yates baada ya mlima wa Finestre na kumvuta bondeni, na Yates akaipata Giro. Katika vitabu vya matokeo, siku hizo hazimpi Van Aert mstari wa kwanza. Lakini hao waliovutwa wanajua.

Sisi tulidhani kapita ni mtu wa mstari wa kwanza: anayesimama mlangoni na kalamu. Sasa tunafikiri kapita ni mtu anayepaswa kujua nani nyuma yake anakatika pumzi, kabla hajapotea kabisa.

Halmashauri inakutana siku ya posho inayokuja, kisha chakula cha saa sita. Mwenzetu ana majina kumi na moja. Limebaki moja. Siku ya kwanza, yaani baada ya mkutano, tutakuwa tena mlangoni na daftari. Kama kanuni ikibaki ile ile na pine ikipasuka, tutaandika, maana tuliapa kuifuata kanuni, na yeye atarudishwa nyumbani kungojea baba ambaye hayupo. Hatutaki kuandika jina lile. Ndiyo maana tunaandika haya sasa, wakati bado kuna siku nne.

Mwenye neno, hata la kutupinga, aliandike na kulitia katika sanduku la gazeti karibu na maktaba kabla ya siku ya tano jioni. Tutayasoma yote mbele ya halmashauri, yale mazuri na yale makali.

Wenu katika kazi,

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho